Msumari wa Tano

Siku ya 1 ya mvua, Jumatatu

Pacha wangu mmoja, yule mwenye mdomo, ameniambia kwenye simu: "Mama, tafadhali, usitupigie kila mvua ikinyesha. Andika mahali." Haya, naandika. Daftari lenyewe ni lake la darasa la nne. Lina kurasa mbili za sayansi na zilizobaki zote nyeupe, na sasa naelewa yale matokeo yake.

Mvua imeanza asubuhi mashuka ya nyumba ya wageni yakiwa kambani, yamebakiza nusu saa tu kukauka. Nusu saa! Tumekimbia kuyaanua mimi, mdogo wangu anayekaa kaunta ya udobi wetu na mume wangu, yaani Baba Pacha, na yote yamelowa upya. Sasa yamebanana kwenye chumba cha kukaushia, chumba chenye hita mbili na feni moja inayolia kama inadhulumiwa. Ufuaji nguo msimu huu ni adhabu. Nguo hazikauki, zinavunda, na mteja analinusa shati lake huku ananitazama kama vile mvua nimeileta mimi.

Na Baba Pacha anaimba. Anaanika anaimba, anapiga pasi anaimba. Sauti yake ni nzito, inatoka chini huko kama bomba lililoziba, na kila wimbo anauingia kabla ya wakati wake. Miaka ishirini na miwili ya ndoa hajawahi kungoja mwanzo wa wimbo hata mara moja.

Siku ya 2, Jumanne

Mvua. Ameimba tangu asubuhi.

Siku ya 4, Alhamisi

Nimeliona gitaa.

Nilikwenda tu kununua sabuni ya unga. Njia ya kwenda kwa muuza sabuni haipiti kwenye duka la vyombo vya muziki, hilo nakiri, lakini mtaro wa upande ule ulikuwa umefurika. Lilikuwa dirishani, peke yake, rangi yake damu ya mzee, kiuno chembamba, shingo nyeusi ya mti mzito. Udenda ulinitoka. Nikaingia nikidondosha maji.

Mwenye duka tunamwita Bwana Polepole, kwa sababu hana neno lingine. "Polepole, mama. Futa mikono kwanza. Polepole, usilikwaruze." Nilikaa kwenye kigoda chake nikapiga kitu kidogo tu, na sauti ikatoka safi, imekauka vizuri, kila uzi unajisemea wenyewe. Kwangu nyumbani mvua hii imeshayafanya magitaa yote yalie kama yamefunikwa blanketi. Sikutaka kuliachia. Bwana Polepole alinyoosha mikono yote miwili kulipokea, kama muuguzi.

"Sikuwekei," akasema. "Lakini mvua hii nani atakuja? Mpaka ikatike, labda litakuwepo. Labda."

Jioni nikamwambia Baba Pacha. Hakuacha hata kukunja shuka. "Sheria unaijua. Likiingia moja, litoke moja."

Sheria hiyo aliitunga mwenyewe siku nilipoleta gitaa la nne. Akapigilia msumari wa nne kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, akageuka na nyundo mkononi, akatangaza kama hakimu. Chumba kile ndicho cha kukunjia nguo, ndicho cha kulia chakula, ndicho cha magitaa. Nilikubali kwa sababu wakati ule sikuona kwa nini mtu mwenye akili atahitaji gitaa la tano.

"Chagua," akasema, akaendelea na wimbo wake.

Siku ya 5, Ijumaa

Mvua. Bwana mmoja amerudisha suruali, eti inanuka mbwa. Hana mbwa, anasema. Mimi pia sina.

Siku ya 7, Jumapili

Leo tumefunga, kwa hiyo nimeyashusha yote manne kuyasikiliza kwa haki. Litakalojitetea vibaya linaondoka.

Wa kwanza Bibi Mkubwa. Tumbo kubwa, sauti ya kujaza ukumbi. Nilimnunua kwa mpigaji aliyekuwa anahama nchi, na tangu siku hiyo amekaa msumari wa kwanza akiwatazama wenzake kwa dharau. Mzito, bega linaniuma. Lakini nilipompiga ule uzi mnene wa juu, vikombe kabatini vikaitikia. Bibi Mkubwa haondoki.

Wa pili Mtawa, wa nyuzi za nailoni. Mpole, hana makuu, haongei mpaka aguswe. Kuna siku nimekuwa na hasira za wateja watatu, nikamshika Mtawa kwa robo saa, nikatoka nimekuwa mtu. Haondoki.

Wa tatu Mkorofi, gitaa la umeme, jeupe. Kitufe chake cha sauti kinakwaruza, waya unakatika, siku nyingine anakataa kabisa mpaka apigwe kofi ubavuni. Akikubali sasa! Anaimba mpaka mdogo wangu anaacha kaunta. Mtu huwezi kumfukuza Mkorofi. Atarudi kupitia dirishani.

Limebaki Kopo. Gitaa dogo la bei ya chini, mbao nyembamba kama za sanduku la chai, sauti ya kuchekesha. Kopo ndilo la kwanza kabisa. Nilipokuwa na mimba ya pacha daktari alinilaza kitandani miezi minne, sina ruhusa hata ya kufua leso, nikawa nagombana na dari. Baba Pacha akaja na Kopo kwapani. "Gombana na hili," akasema. Nililijifunzia nimelala chali, nyuzi nimezilegeza vidole visiniume. Lina shingo dhaifu. Ukilikaza nyuzi kama mengine linapinda, kwa hiyo miaka yote nimeliacha limelegea, sauti yake iko hatua mbili chini ya wenzake. Haliwezi kupigwa pamoja na gitaa lolote duniani, ni la jioni tu, la kupiga huku Baba Pacha anakunja mashuka.

Nililipiga dakika tano tu. Baba Pacha akapita na beseni la nguo mbichi, akaimba, akaingia kabla ya wakati, akapotea na beseni lake.

Basi ni Kopo. Najisikia vibaya kidogo, lakini nikifumba macho naona damu ya mzee.

Siku ya 9, Jumanne

Nimemwambia ni Kopo. Alikuwa anapiga pasi kola. Aliipiga ile kola mara tatu.

"Sawa," akasema. "Sheria ni sheria."

Siku ya 10, Jumatano

Mvua.

Siku ya 11, Alhamisi

Unyevu umeingia kila mahali. Chumvi imekuwa uji. Nyuzi za Mkorofi zimeota kutu, tumbo la Bibi Mkubwa limevimba kama amekula harusi mbili, na ndani ya Kopo kuna ukungu mweupe, nimeuona kwa tochi. Unamshika mmoja, unakaza, ukifika uzi wa sita ule wa kwanza umeshashuka. Nimekaza na kulegeza mpaka nikasema maneno ambayo mdogo wangu amelazimika kumwambia mteja kwamba ni redio.

Na kule dirishani kuna gitaa kavu.

Siku ya 13, Jumamosi

Nimepata mtu wa Kopo. Mwalimu wa kwaya, mteja wetu wa majoho, anatafuta gitaa dogo la kuanzishia wanafunzi wake. Hakuna nyumba bora kuliko hiyo, nikasema moyoni, Kopo litazeekea kwenye kelele za watoto. Akaja saa nne, akakaa, nikamletea. Nikaenda jikoni mara moja tu kumchukulia maji. Mara moja tu!

Ninarudi, namkuta Baba Pacha amesimama mbele yake na pasi mkononi.

"Shingo yake si ya kuaminika," anamwambia. "Na uzi wa nne unaguna. Unausikia? Unaguna."

"Kidogo tu," akasema mwalimu.

"Leo kidogo. Na mbao hizi, mchwa wanazipenda sana."

"Lina mchwa?"

"Halina. Nasema wanazipenda."

Mwalimu akaliweka Kopo mapajani, akatutazama mmoja mmoja. "Mzee, mnaniuzia au mnanifukuza?"

Nilimtupia Baba Pacha jicho ambalo kwa kawaida nalihifadhi kwa wanaoleta nguo zenye chawa. Mwalimu ni mtu mwema, akasema atalifikiria na atarudi Jumamosi ijayo, ila tuutoe ule ukungu wa ndani, watoto wana vifua.

Alipotoka nikamtolea uvivu. "Wewe si ndiye uliyesema moja litoke?"

"Nimesema."

"Sasa mbona linapotoka unasimama mlangoni?"

"Nimemwambia ukweli wa bidhaa," akasema. "Mtu akinunua kwetu aseme hatukumdanganya."

Tangu lini dobi ana bidhaa! Akanipa kisogo, akaingia kwenye chumba cha kukaushia akafunga mlango. Mwanaume huyu atanitoa roho.

Siku ya 14, Jumapili

Leo hakuimba. Afadhali, masikio yangu nayo yapumzike.

Siku ya 15, Jumatatu

Mvua. Kimya.

Siku ya 16, Jumanne

Mvua. Mdogo wangu amempa mchungaji suti ya mwenye baa, na mwenye baa suti ya mchungaji. Zote zimewakaa vizuri, hakuna aliyegundua mpaka walipotia mikono mifukoni. Baba Pacha hata hakucheka. Amenuna, kimya kama maji mtungini, anakunja mashuka kwa pembe kali kama mahamri wa jeshini.

Nimesoma hapo juu, nimeandika mahamri. Nilitaka kuandika maaskari. Hata mkono wangu umechanganyikiwa nyumba hii.

Siku ya 18, Alhamisi

Jumamosi mwalimu anarudi, na ukungu wa Kopo umezidi. Nimeufuta kwa kitambaa na siki, baada ya saa mbili umerudi. Lakini mimi ni nani? Mimi ni mtu ambaye amekausha mapazia ya ukumbi mzima kwa siku moja ya mvua. Nimelitundika Kopo kwenye chumba cha kukaushia, katikati ya majoho na mashuka, nikawasha hita moja tu na feni, nikafunga duka. Asubuhi litakuwa kavu kama biskuti. Sijui kwa nini sikuliwaza jambo hili mapema.

Siku ya 19, Ijumaa

Sijui nianzie wapi.

Nilifungua mlango wa chumba cha kukaushia saa moja asubuhi. Joto likanipiga usoni, harufu ya majoho makavu, nikafurahi. Nikasogeza shuka la kwanza, la pili. Kopo lilikuwa palepale nilipolitundika, na usoni mwake kulikuwa na ufa. Si mkwaruzo, ufa, umeanzia chini ya tundu la sauti umekwenda mpaka ukingoni, ukucha unazama. Kile kibao kinachoshika nyuzi kimeng'oka upande mmoja, kimebenuka, na nyuzi zimelala kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Ubavuni gundi ya zamani imeachia, mdomo umejifungua, naona hadi ndani.

Nilisimama pale na shuka la watu mkononi. Miaka ishirini nasimama kaunta nawaambia wateja: sufu haikaushwi kwa hita, dada, hariri haianikwi juani, kaka, kila kitambaa kina joto lake. Nina karatasi ukutani niliyoiandika kwa mkono wangu. Najua pamba, najua sufu, najua kitani, najua hata zile nguo za kung'aa ambazo hakuna ajuaye zimetengenezwa na nini. Na sikujiuliza hata dakika moja mbao ina joto gani. Niliona kitu kimelowa, nikakipeleka kwenye hita. Seremala yeyote angenizuia. Mpiga gitaa yeyote angenizuia, na mimi najiita mpiga gitaa. Ni dobi tu anayeweza kuwa mjinga namna hii.

Nilianza kulia kwa hasira. Nilikasirikia mvua, nikamkasirikia mwalimu na vifua vya watoto wake, nikalikasirikia hata lile gitaa la dirishani. Baba Pacha akaja na beseni akanikuta. Aliliweka beseni chini. Alilitazama Kopo, akapitisha kidole juu ya ufa kutoka tunduni hadi ukingoni, taratibu.

"Hita ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Na feni?"

"Na feni."

Akatikisa kichwa. Katika kazi yetu hatumuulizi mteja doa limetoka wapi. Analeta, tunapokea, tunaliangalia kama linatoka au halitoki. Ni desturi aliyotufundisha yeye mwenyewe tulipofungua, na leo asubuhi nilijua anafanya hivyohivyo kwangu. Hakuniuliza kwa nini wala hakuniambia nilikuwa na akili gani. Ningependa angenifokea, ningekuwa na mtu wa kugombana naye. Alilishusha Kopo, akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akatoka nalo akipita katikati ya mashuka.

Majoho yamekauka vizuri sana.

Siku ya 20, Jumamosi

Mwalimu amekuja, ameona, amesema pole, kama vile kumefiwa. Amechukua majoho akaenda. Safari hii Baba Pacha hakutoka hata kumsalimia.

Siku ya 22, Jumatatu

Mvua. Kimya.

Siku ya 23, Jumanne

Mdogo wangu amepiga kelele kwamba vibanio vya nguo vimeisha. Tumetafuta kila mahali. Nimevikuta stoo: Kopo limelala juu ya meza mbovu, ufa umetiwa gundi, na kuzunguka ubavu wote vibanio vimeuma mstari mmoja kama meno. Nimevihesabu, hamsini na vinane. Juu yake amelaza pasi ya zamani ya mkaa, ya baridi, iwe uzito.

Nimefunga mlango polepole. Nguo za leo tumezibana kwa pini.

Siku ya 25, Alhamisi

Mvua. Kimya. Bwana Polepole kampigia simu mdogo wangu (namba yetu iko kwenye tiketi za nguo zake), eti kuna mtu ameliulizia lile la dirishani mara mbili. Roho ilinidunda. Aibu tupu, Kopo limelazwa stoo na roho bado inanidunda kwa ajili ya jingine.

Siku ya 27, Jumamosi

Leo mdogo wangu amesema wakati tunakunja: "Dada, shemeji siku hizi haimbi."

"Amenuna."

"Kununa gani wiki mbili? Shemeji akinuna huimba nyimbo za kununa."

Ni kweli. Nimerudi kwenye daftari hili nikahesabu. Kumi na nne. Nilikuwa naandika Kimya, Kimya, kama ninavyoandika Mvua.

Basi jioni, tulipofunga, nilimshusha Bibi Mkubwa nikapiga ule wimbo wake, anaoupenda, anaouharibu. Baba Pacha alikuwa mezani anashona kifungo. Nilimwona akivuta pumzi. Akaingia kabla ya wakati, na mstari wa pili sauti ikamkwama huko juu, ikakatika. Akakohoa. "Vumbi," akasema, mvua inanyesha mwezi mzima, vumbi! Nikamchukua Mtawa, nikajaribu taratibu. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, akaacha.

"Kwa nini huimbi siku hizi?" nikamuuliza.

"Naimba na nini?" akasema, hana hasira, anatafuta tundu la sindano. "Hayo mengine yako juu. Siyafikii."

Nilibaki na Mtawa mapajani. Hatua mbili. Miaka yote hii, kila jioni, nyimbo zake zote alizitoa pale Kopo linapokaa, chini, kwenye nyuzi nilizozilegeza nikiwa mjamzito kwa sababu vidole vilikuwa vinaniuma. Hata asubuhi akiwa kambani, akiwa kwenye pasi, anaimba kutoka palepale tulipoishia jana yake. Na mimi nilikuwa namwita bomba.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini?" Akauma uzi kwa meno, akaukata. "Sheria niliitunga mimi. Nilipokwambia uchague, nilijua utamtoa Mkorofi."

Wanaume! Nilikuwa nimekaribia kumhurumia, akanirudishia hasira zangu zote.

Siku ya 28, Jumapili

Nimejaribu kumlegeza Bibi Mkubwa hatua mbili. Nyuzi zimelala, zinapigapiga mbao. Mtawa naye halalamiki, ila anasikika kama mtu anayeongea na mswaki mdomoni. Mkorofi nimempiga kofi bure.

Siku ya 30, Jumanne

Nimekwenda kwa Bwana Polepole, safari hii kwa makusudi, hakuna kisingizio cha mtaro. Nikafuta mikono kabla hajasema, nikakaa kwenye kigoda, akanipa.

Lilikuwa zuri kuliko nilivyokumbuka. Nililipiga mara mbili. Kisha nikaanza kulegeza nyuzi.

"Mama! Mama, polepole! Unafanya nini?"

"Nataka kuona kama linashuka."

"Lishuke liende wapi? Gitaa hili limewekwa sauti na fundi!"

Nikalishusha hatua mbili kamili, nikapiga wimbo wa Baba Pacha. Limetoa sauti ya shuka bichi kambani. Nimeupiga wote mpaka mwisho, Bwana Polepole ameshika kichwa, na kila mstari nimemsikia mume wangu hayupo. Nikalikaza tena, uzi mmoja mmoja, nikamrudishia.

"Yule anayeliulizia," nikasema, "mwambie aje."

Nimetembea kurudi na mwavuli umefungwa. Nisilidanganye daftari la mwanangu: bado nalitaka. Nimelitaka njia nzima, nalitaka sasa hivi ninapoandika. Nilidhani mtu akishaelewa jambo hamu inakoma, na haikukoma hata robo. Inachosha kweli kuwa mimi.

Siku ya 32, Alhamisi

Manyunyu.

Siku ya 33, Ijumaa

Jua! Tumeanika kila kitu, hadi mikeka ya mlangoni. Saa tano, nikiwa kambani, gari limepita na mzigo mrefu kiti cha nyuma, na kwenye dirisha nimeona shingo nyeusi na kipande cha damu ya mzee. Limekata kona. Nimejikaza kisabuni nikaendelea kuanika, ila soksi zote nimezibana mojamoja bila kuzingatia jozi.

Siku ya 35, Jumapili

Hakuna mvua siku ya tatu, kwa hiyo hesabu hii nadhani imekwisha.

Mchana nilisikia nyundo chumba cha nyuma. Nikaenda. Baba Pacha amesimama juu ya kiti, na ukutani, baada ya msumari wa nne, kuna msumari wa tano. Ameupigilia umekwenda upande.

"Wa nini?"

"Wa lile lako la dirishani."

"Na sheria?"

"Sheria sijaifuta," akasema, akishuka kwa kushika bega langu. "Nimeongeza msumari."

Nikamwambia limeuzwa, juzi, nimeliona likipita. Alinitazama, akautazama msumari, akasema neno ambalo siliandiki kwenye daftari la darasa la nne. Wiki nzima, anasema, alikuwa anajipa moyo kuupigilia. Wiki nzima! Ningemwambia la duka na yeye angeniambia la msumari, tungekuwa na gitaa sasa hivi. Tukaanza kugombana ni nani alipaswa kusema kwanza, na tulikuwa tumefika mbali kwenye ugomvi huo mdogo wangu alipoingia na suti ya mwenye baa kwenye hanga, akatafuta pa kuitundika, akaitundika kwenye msumari wa tano, akatoka.

Baba Pacha akaenda stoo. Amerudi na Kopo.

Ufa umefungwa, mstari mweusi umevimba usoni, na kuzunguka ubavu kuna alama za vibanio, vidole vidogo hamsini na vinane. Nyuzi ni mpya. Hakunipa, aliliweka tu juu ya rundo la mataulo karibu yangu akachukua shuka la kukunja, kana kwamba ni kitu amekisahau pale. Nikalishika. Nikalikaza kidogokidogo nikisikiliza mbao, nikafika pale chini nilipozoea, nikaacha. Sauti ni mbaya kuliko zamani. Uzi wa nne sasa hauguni, unakoroma.

Nikapiga mlio wa kwanza wa wimbo wake, wa kuanzia tu, nikainua mkono kumwonyesha angoje.

Hakungoja. Akaingia kabla ya wakati, na shuka mkononi, na mimi nikamfuata.